Asiyekuwapo na Lake Halipo



Katika mambo yatakayoletwa mbele ya mkutano wetu mkuu ujao, limo moja ambalo tangu lilipotajwa katika matawi limezua maneno mengi na kicheko pia. Halmashauri inaomba ruhusa yenu itenge sehemu ndogo ya fedha za mafunzo, zile ambazo kila mwaka twazitumia kwa vitalu vya miche na kwa masomo ya uanikaji, ili imsaidie kijana mmoja wa kisiwa hiki, mwenye elimu ya sayansi, akajifunze habari za kupanda kwa bahari pamoja na wale wanaoichungua barafu ya Ncha ya Kaskazini ya dunia. Mwanachama mmoja aliinuka akauliza, na ilikuwa haki yake kuuliza: "Mkarafuu na barafu vimejuana wapi?" Kwa kuwa wengi wanaliuliza swali hilo kimoyomoyo, tumeona yafaa tulijibu hapa kwa urefu kabla ya kura kupigwa. Na tusifiche rai yetu: sisi twaliunga mkono ombi hili, na twataka mlikubali.

Tuanze na barafu yenyewe. Huko kaskazini zipo barafu za namna mbili, na asiyezitenga mbalimbali hupotea njia mapema. Ya kwanza ni ile inayoelea baharini. Hiyo ikiyeyuka haiinui bahari kwa kiasi cha kutajwa, kama vile bonge la barafu lililomo katika gilasi ya maji ya ndimu: likiyeyuka, gilasi haifuriki. Ya pili ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu, na iliyo kubwa kupita zote upande huo wa dunia ni ya Greenland. Hiyo ikiyeyuka ikaingia baharini, ni sawa na mtu kutia bonge jipya katika gilasi iliyokwisha jaa. Wataalamu wanakadiria kuwa barafu ya Greenland ingeyeyuka yote, bahari za dunia zingepanda zaidi ya mita 7. Jambo hilo lahitaji karne nyingi, wala hatuliandiki hapa ili kumtisha mtu. Lakini kuyeyuka kumekwisha anza na kunapimwa. Tangu mwaka 1992 hata mwaka 2020, Greenland ilipoteza barafu ya kutosha kuinua bahari zote kwa kiasi cha milimita 13 na nusu.

Mtu atasema, milimita 13 haufiki hata upana wa kidole gumba. Ni kweli. Lakini Greenland haiko peke yake. Maji ya bahari yenyewe yakipata joto hutanuka, barafu za milimani zinapungua katika mabara mengi, na ile ya Ncha ya Kusini nayo inapungua. Ukijumlisha yote, kuanzia mwaka 1901 mpaka 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20, yaani karibu ya shubiri moja. Na mwendo unaongezeka. Baina ya 1901 na 1971 bahari ilikuwa ikipanda kiasi cha milimita 1.3 kwa mwaka. Baina ya 2006 na 2018 ilipanda milimita 3.7 kwa mwaka, karibu mara tatu ya mwendo wa kwanza. Ripoti kubwa ya wataalamu wa hali ya hewa wa Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2021 yasema kwamba ifikapo mwaka 2100 bahari yaweza kuwa imepanda baina ya sentimita 28 na 55 ikiwa dunia itapunguza sana moshi wake, na baina ya sentimita 63 na 101 ikiwa moshi utazidi sana.

Wako wanaosema kwamba mikarafuu yetu iko vilimani, na bahari haitapanda vilima. Nasi twasema, kweli mikarafuu iko juu, lakini mkulima wa karafuu hali karafuu. Wali wake watoka bondeni, maji yake hutoka kisimani, na magunia yake hupita gatini. Bahari ikipanda, vitu hivyo vitatu ndivyo huguswa kwanza. Ndugu zetu wa Kisiwa Panza wameona kwa macho yao maji ya chumvi yakiingia katika ardhi waliyokuwa wakilima, na bonde lililokwisha kunywa chumvi haliwi bonde la mpunga tena kwa msimu mmoja au miwili. Mkulima aliyepoteza bonde atanunua mchele kwa fedha za karafuu, na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa vizuri atakuwa hana hiki wala kile.

Tena sisi wakulima wa karafuu tuna sababu kubwa kuliko mtu wa mahindi ya kufikiri habari za mwaka 2100. Mkarafuu hukawia miaka sita, saba au minane kabla ya kuzaa, kisha huishi umri wa mtu na zaidi. Miche tunayoitoa kitaluni mwaka huu itachumwa na wajukuu wetu. Mtu anayepanda mti kwa ajili ya mjukuu wake, ataonaje mbali kuuliza mjukuu huyo atalima mpunga wapi?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo sisi ndilo lililotuvuta kuandika. Mtu hudhani kwamba barafu ya Greenland ikiyeyuka, bahari hupanda zaidi huko huko karibu yake, kisha sisi tulio mbali twapata masalio. Kumbe mambo yako kinyume. Barafu ile ni nzito mno, na kila kitu kizito huvuta vilivyo karibu yake. Barafu ya Greenland huyavuta maji ya bahari yaliyoizunguka, yakakaa juu kidogo kuliko ambavyo yangekaa bila yake. Inapopungua, nguvu ya kuvuta nayo hupungua, na maji yale huachiwa yakaenda mbali. Kwa sababu hiyo, barafu ya Greenland inapoyeyuka, bahari iliyo karibu yake, mpaka kiasi cha kilomita 2,000, hushuka, na bahari zilizo mbali hupanda kupita wastani. Elimu hii si ya jana. Mmarekani Robert Woodward aliandika hesabu zake za jinsi wingi wa barafu unavyoivuta bahari katika mwaka 1888, na wataalamu wa zama zetu wamezikamilisha kwa vipimo vya setilaiti zinazopima uzito wa barafu kutoka angani, zilizorushwa mara ya kwanza mwaka 2002. Basi mwenye kuuliza mkarafuu na barafu vimejuana wapi, jibu lake ni hili: sehemu ya maji ambayo barafu ya kaskazini inayaachia, sisi wa bahari za joto ndio tunaoletewa.

Lakini hapo pana neno la pili. Wastani wa dunia hautoshi kumweleza mtu wa pwani fulani mambo ya pwani yake. Katika bandari ya Unguja kipo chombo kinachoandika maji yanavyojaa na kupwa, na kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1984. Zimo katika hazina ya kumbukumbu za bahari za dunia iliyoko Liverpool, Uingereza, ambayo ilianzishwa mwaka 1933. Katika miaka ya mwanzo ya kumbukumbu hizo, mpaka kiasi cha kuingia karne hii, bahari ya Unguja ilishuka, wakati bahari za dunia kwa jumla zilikuwa zikipanda. Baadaye ikaanza kupanda. Wataalamu waliieleza sababu yake kuwa ni mabadiliko ya pepo za Bahari ya Hindi, ambazo husukuma maji upande mmoja na kuyapunguza upande mwingine. Aliyesoma hesabu ya dunia tu angetudanganya bila ya kukusudia. Na aliyetazama chombo cha bandarini tu, katika mwaka 1999, angetwambia tulale usingizi. Anatakiwa mtu ajuaye mambo yote mawili, barafu ya kule na pepo za hapa, ayaweke katika mizani moja. Mtu huyo hununuliwi dukani. Husomeshwa.

Husomeshwa wapi? Hili nalo tumelitafutia habari, ili msije mkadhani twataka kumpeleka mtu matembezini.

Katika visiwa vya Svalbard, vilivyo chini ya Norwe, uko mji mdogo uitwao Longyearbyen, digrii 78 kaskazini ya ikweta. Hapo kiko chuo kiitwacho UNIS, kilichoanzishwa mwaka 1993, ambacho wanafunzi wa nchi mbalimbali huenda kusoma barafu, bahari, miamba na viumbe vya huko palepale vilipo. Wakati wa baridi jua halionekani kabisa kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu. Mwanafunzi kabla ya kutoka mjini kwenda kupima hufundishwa kwanza namna ya kujiokoa akitumbukia katika maji ya barafu, na namna ya kujilinda na dubu weupe, hata kwa bunduki. Elimu yenyewe hupatikana kwa kusimama juu ya barafu na kuipima. Sisi hatuna haja ya kulistaajabia hilo, kwani hapana aliyejifunza kupanda mkarafuu kwa kusimuliwa.

Katika milima ya Alps, kaskazini ya Italia, kiko kijiji cha Karthaus ambacho tangu mwaka 1995 kimekuwa kikipokea darasa la vijana wanaosoma barafu kuu za dunia na athari zake kwa bahari, linalosimamiwa na Chuo Kikuu cha Utrecht cha Uholanzi. Darasa kama hilo hufanywa pia na Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks katika kijiji cha McCarthy, Alaska, tangu mwaka 2010. Huko vijana hukaa pamoja na walimu wao, wakasoma asubuhi, wakafanya hesabu mchana, na jioni wakabishana. Wale wanaokaa darasa moja leo ndio watakaoandikiana barua na kuitana kazini miaka 30 ijayo. Vijana hao wana hata chama chao, APECS, kilichozaliwa katika Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa 2007 na 2008, kazi ambayo zaidi ya nchi 60 zilishiriki.

Kisha iko mikutano. Kila mwaka tangu 1999 wachunguzi wa Ncha ya Kaskazini hukutana kwa juma zima. Na kila baada ya miaka kumi, yaani 1995, 2005, 2015 na 2025, hufanywa mkutano mkubwa wa kupanga ni maswali gani yachunguzwe katika miaka kumi inayofuata; wa mwisho ulikuwa Boulder, Marekani, mwezi wa Machi 2025. Wale wa bahari nao wamekutana Paris mwaka 2006, New York mwaka 2017, na Singapore mwaka 2022. Mtu akisikia mkutano hufikiri ni hotuba na chai. Sisi twaomba mfikiri zaidi ya hapo. Fedha za uchunguzi hufuata maswali, na maswali huchaguliwa na waliohudhuria. Ikiwa hapana aliyesimama kuuliza chumvi itaingia lini katika mabonde ya visiwa vyenye mikoko na mahori, basi swali hilo halitaandikwa, na lisipoandikwa halitapata fedha, na lisipopata fedha halitajibiwa. Wazee wetu walikwisha sema: asiyekuwapo na lake halipo.

Tazameni Singapore. Nchi hiyo ni kisiwa kidogo, kiko karibu na ikweta kuliko sisi, na watu wake hawajui theluji ila kwa kuiona safarini. Lakini mwaka 2013, katika mkutano wa Kiruna, Uswidi, Singapore ilikubaliwa kuwa mtazamaji katika Baraza la Aktiki, ambalo nchi nane za kaskazini ziliunda mwaka 1996. Siku hiyo walikubaliwa pia China, India, Italia, Japani na Korea ya Kusini. Singapore walikwenda kwa sababu wanaishi kwa bandari, na ardhi yao iko chini. Waliona kwamba yanayotokea kaskazini yatawafika mlangoni, nao wakataka kuyasikia kabla hayajafika. Mpaka sasa hapana nchi hata moja ya Afrika iliyomo katika orodha ya watazamaji hao. Sisi ni chama cha wakulima, hatuwezi kuomba kiti cha taifa. Lakini twaweza kumtayarisha mtu ambaye siku taifa litakapotafuta wa kukikalia, awepo.

Na wanaodhani mikutano hiyo ni ya mapambo, na watazame yaliyotokea ilipovunjika. Mwezi wa Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi saba kati ya zile nane zilisimamisha kazi zao za Baraza pamoja na Urusi. Hatusemi hapa nani afanye nini katika siasa hizo. Twasema tu kwamba Urusi ina karibu nusu ya pwani yote ya Aktiki, na wachunguzi wengi wamepungukiwa na vipimo vya upande huo tangu wakati huo. Watu wakiacha kukaa pamoja, vipimo hukatika, na kumbukumbu iliyokatika hairudi nyuma ikajijaza.

Sasa tuyajibu yale mengine yaliyosemwa katika matawi.

La kwanza, fedha. Imesemwa kuwa miche na majamvi yana haki zaidi. Hatukani haki hiyo, na ndiyo maana ombi ni la sehemu ndogo, tena lenye masharti. Madarasa na mikutano mingi ya namna hii hutenga msaada kwa vijana watokao nchi zisizo na uwezo. Kijana atatakiwa kwanza aombe nafasi na kukubaliwa, kisha aombe msaada huko huko; fedha za Chama zitajaza pengo litakalobaki. Asiyekubaliwa hapati kitu, na fedha zitarudi kwenye vitalu.

La pili, imesemwa kuwa kijana akienda hatarudi. Hofu hii ina msingi, kwani tumewaona waliokwenda wakasahau hata kuandika barua. Kwa hiyo Halmashauri inapendekeza atie sahihi, yeye na mdhamini wake, kwamba atarudi na kufanya kazi visiwani kwa muda mtakaoukubali katika mkutano, au fedha zirudishwe. Tena tunaomba msiifunge nafasi hii kwa wanaume. Wako mabinti katika kisiwa hiki waliofaulu sayansi vizuri, na bahari haimchagui wa kumfundisha.

La tatu, imesemwa kuwa elimu hiyo itabaki katika Kiingereza, ndani ya kabati ya ofisi. Hili ndilo tunaloliogopa sisi wenyewe kuliko yote. Mara nyingi wageni wamepita katika mabonde yetu na vitabu vyao, wakauliza maswali, wakapima, wakaondoka, na mwenye bonde hakupata kuelezwa walichokiona. Kwa hiyo lipo sharti ambalo sisi hatutakubali liondolewe: kijana akirudi atazunguka kila tawi, azungumze kwa Kiswahili, aulizwe mpaka watu watosheke, na maelezo yake yachapishwe katika gazeti hili.

Kazi yake nayo yataka kutayarishiwa hapa nyumbani. Chombo cha bandari ya Unguja hakiwezi kuyajua mambo ya kila hori la Pemba. Twapendekeza kila tawi lenye bonde linalopakana na mikoko lisimamishe mti imara wenye alama za sentimita, mahali pamoja pasipobadilishwa, na liandike katika daftari maji yamefika wapi katika kila bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na khasa zile bamvua kubwa za Machi na Septemba. Liandike pia ni kisima gani kimeanza chumvi, na tarehe yake. Kazi hii haina gharama ila mti, rangi na uaminifu wa mwandishi. Daftari la miaka kumi lililoandikwa bila ya kuruka litakuwa na thamani kwa mtaalamu yeyote, naye kijana wetu atakapokaa na wenzake wa Svalbard au Karthaus atakuwa na kitu cha kuwaonyesha ambacho wao hawana.

Wakati nao unahimiza. Mwaka wa tano wa Kimataifa wa Ncha za Dunia umepangwa kuwa 2032 na 2033, na matayarisho yake yamekwisha anza. Kijana atakayeanza kusoma sasa atakuwa tayari wakati huo. Tukikawia miaka mitano, atafika wakati wengine wanakunja mikeka.

Twaomba basi kila tawi lilizungumze jambo hili kabla ya mkutano mkuu, lichague wajumbe walioyasikia maneno ya pande zote mbili, na lituletee kwa maandishi pingamizi lolote ambalo hatukulijibu hapa. Matawi yatakayokuwa tayari kusimamisha miti ya kupimia yamwarifu katibu, apelekewe kila moja daftari lake pamoja na maelezo ya namna ya kuandika. Pingamizi zitasomwa mkutanoni kama zilivyoandikwa, na kura itapigwa baada yake.